Lenzi za kuvaa usiku kwa mtoto asiyeona mbali: tumekaa nazo miezi 14 Guangzhou, sasa tunarudi Dar. Tuendelee au tuache?

Kibatari (mleta uzi)

Habari zenu wakuu. Uzi huu ni mrefu, naomba mnivumilie. Wazazi kadhaa wamenifuata pembeni kuniuliza habari hizi, na mimi mwenyewe nina swali linaloninyima usingizi, nikaona bora niyamwage yote hapa.

Tuko Guangzhou mwaka wa sita sasa, kazi yetu ni kusafirisha mizigo kwenda Dar. Binti yetu mkubwa amesoma huku tangu chekechea. Alipokuwa na miaka saba mwalimu wake akatuambia anakunja uso akisoma ubaoni. Tukampima: namba ya miwani -1.00 macho yote mawili. Tukamtengenezea miwani, tukajua yameisha. Baada ya mwaka tukarudi kumpima, -2.25.

Hapo nilikosa nguvu, maana njia hiyo najua inakoelekea. Mimi navaa -8.00. Marehemu baba yangu alikuwa na namba kubwa kuliko yangu, na jicho lake la kushoto lilikufa retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ilipobanduka. Alianza kuona cheche za mwanga pembeni na vidoa vyeusi vinavyoelea, akasema ni uchovu, akakaa nyumbani siku kumi. Alipofika hospitali walikuwa wamechelewa kuliokoa. Ndiyo maana mtu akiniambia "si ni miwani tu", mimi siwezi kukubaliana naye.

Daktari aliyempima binti alinieleza jambo ambalo miaka yangu yote ya kuvaa miwani sijawahi kuambiwa. Mtoto mwenye mayopia, yaani asiyeona mbali, mara nyingi jicho lake limerefuka kwenda nyuma kupita kiasi. Mwanga unakutana kabla ya kuifikia retina, ndiyo maana mbali anaona ukungu. Miwani ya kawaida inausogeza mwanga hadi panapotakiwa, lakini haizuii jicho kuendelea kurefuka. Jicho likirefuka, retina nayo inavutika na kuwa nyembamba, na urefu huo haurudi. Wakampima kwa mashine ya mwanga isiyogusa jicho, sekunde chache tu: jicho la kulia milimita 24.31. Kwenye rekodi yake ya mwaka uliotangulia lilikuwa 23.87. Ukisikia 0.44 unaona ni kitu kidogo, kumbe milimita moja ya jicho ni kama namba mbili na nusu hadi tatu za miwani.

Tukapewa njia tatu: matone ya atropini hafifu (dawa ya kulegeza jicho, kwa kiwango kidogo), miwani maalumu, au lenzi za kuvaa usiku. Tukachagua lenzi. Kitaalamu inaitwa othokeratolojia, ila huku kila mzazi anasema tu "lenzi za OK". Ni lenzi ngumu kidogo inayopitisha hewa. Mtoto analala nayo, asubuhi anaitoa, mchana kutwa anaona bila miwani. Kinachofanyika ni kwamba konea, kile kioo cha mbele ya jicho, ngozi yake ya juu inasawazishwa katikati na kuwa nene kidogo kwa kuzunguka. Badiliko lenyewe halifiki unene wa unywele. Katikati mwanga unatua vizuri kwenye retina, na ule unaoingia kwa pembeni unatua mbele ya retina, jambo ambalo wataalamu wanaamini ndilo linalolipunguzia jicho msukumo wa kurefuka.

Sasa niwaambie kazi yake, kwa sababu dukani hawakuelezi hivyo. Saa tatu kasoro usiku nanawa mikono kwa sabuni, nakausha kwa karatasi, si taulo. Natandika kitambaa safi mezani, kioo kinalazwa chali juu yake. Lenzi naisugua kwa dawa yake kiganjani, naisuuza kwa maji yake ya chumvi ya chupa, halafu naijaza maji hayo hadi yafure juu kama tone. Binti anainama uso ukitazama kioo, mimi namshika kope, lenzi inapanda kutoka chini. Kikionekana kipovu cha hewa ndani, natoa naanza upya. Wiki ya kwanza alilia kila usiku na mimi nikalia chooni. Siku ya tano akaamka, akatazama dirishani, akanisomea kibao cha duka la dawa ng'ambo ya barabara. Hakuwa na miwani usoni. Siku hiyo siisahau.

Leo ni miezi 14. Jicho la kulia ni 24.45. Limeongezeka 0.14 tu.

Swali langu: mwezi wa saba tunarudi Dar moja kwa moja. Huku anapelekwa kupimwa kila miezi mitatu, konea inachorwa ramani, lenzi inakaguliwa mikwaruzo. Nimepiga simu sehemu kadhaa nyumbani na majibu hayajanitosheleza. Niendelee nazo au niache?

MwanaTanga

Nafuatilia. Swali dada: akiacha kuvaa anabaki anaona au anarudi palepale?

Kibatari

Anarudi. Konea inarudi umbo lake lenyewe, siku chache ukungu unaanza, wiki kadhaa inakamilika. Tulipokosa siku tatu kwa sababu ya mafua, siku ya pili tu akaanza kukunja uso. Kwa hiyo si tiba ya kuondoa mayopia. Faida inayobaki ni urefu ambao jicho halikuongeza.

Kisiki cha Mpingo

Mimi nitasema ukweli wangu na msinichukie. Mtoto wa miaka minane alale na plastiki jichoni, kila usiku, miaka na miaka? Mimi nimevaa miwani tangu darasa la nne, nimesoma, nimeoa, naendesha gari. Hizi ni biashara za kumtisha mzazi. Ukiwa na hofu watakuuzia chochote.

Kibatari

Kaka, hofu ninayo na siifichi. Lakini sikununua kwa hofu peke yake. Chuo Kikuu cha Polytechnic cha Hong Kong waliwagawa watoto wa miaka 6 hadi 10 makundi mawili kwa kura, wengine lenzi za usiku, wengine miwani ya kawaida, wakawafuatilia miaka miwili. Matokeo yalitoka 2012: jicho la wenye miwani liliongezeka wastani wa milimita 0.63, la wenye lenzi 0.36. Hiyo ni asilimia 43 pungufu. Haikusimama kabisa, na daktari wangu aliniambia wazi kwamba wapo watoto ambao haiwasaidii sana.

baba_wawili

Niko Ohio, Marekani, vijana wangu wote wawili wanazo. Huku mamlaka ya dawa, FDA, iliruhusu lenzi za aina hii zivaliwe usiku mwaka 2002, ila ilikuwa kwa ajili ya kuona mchana bila miwani. Lenzi ya kwanza ya usiku kuidhinishwa kwa ajili ya kudhibiti mayopia yenyewe ilikuwa 2021. Bima yangu haikulipa hata senti. Mwaka wa kwanza nililipa zaidi ya dola 1,500 kwa kila mtoto. Wewe Guangzhou ulilipa ngapi?

Kibatari

Yuan 9,000 na kidogo kwa jozi, na jozi tunabadilisha baada ya mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Dawa za kusafishia ni juu yako kila mwezi.

Bi Mdogo wa Muscat

Assalaam alaykum. Mie nipo Muscat, kwetu Unguja. Mwanangu wa kiume ana miaka 11, anavaa mwaka wa pili. Nataka nieleze lilotupata ili asije mwengine akapita tulipopita sie.

Mwanangu huamka alfajiri na baba yake kwa ajili ya sala. Alikuwa akitia udhu na lenzi zimo machoni, kisha akisali, akirudi ndio anazitoa. Hakuna aliyetukataza, na mie sikufikiri. Siku moja jicho likawa jekundu, linatoka machozi, hawezi kuangalia taa. Tukakimbia hospitali. Ilikuwa mwanzo wa kidonda kwenye konea. Alitiwa dawa kila saa, usiku na mchana, siku mbili nzima mie na baba yake tunapokezana kwa saa ya simu. Alhamdulillah kimepona, limebaki kovu dogo pembeni, halimzuii kuona. Wangelikuwa wamelitaja neno "maji" siku ile ya kwanza walipotupa lenzi, tusingelifika huko.

Sasa anaamka dakika kumi kabla. Kwanza lenzi zinatoka, ndio anatia udhu. Maji ya bomba na lenzi hayakutani kabisa, hata kikasha chake sikisuuzi kwa bomba.

jicho_la_tai

Pole sana Bi Mdogo, na Mungu ashukuriwe mliwahi. Mimi ni optometria, yaani mpimaji wa macho, nimesomea KCMC Moshi, nafanya kazi Dar. Naomba kila mzazi anayesoma uzi huu arudie bandiko la Bi Mdogo mara mbili.

Kwenye maji, hasa ya tangi na kisima, kuna kiumbe kidogo kinaitwa akanthamiba. Kikiingia chini ya lenzi kinaweza kula konea, na dawa zake ni za miezi, si siku. Miaka ya mwanzo ya 2000 China na Taiwan kulitokea visa vingi vya macho ya watoto kuharibika kwa lenzi hizi, na kwa wengi waliopata akanthamiba kulikuwa na maji ya bomba katika usafishaji. China ikabana masharti baada ya hapo. Uchunguzi wa Marekani uliochapishwa 2013 ulikuta maambukizi ya konea kwa watoto ni takriban 14 kwa kila watoto 10,000 wanaovaa mwaka mzima. Hatari si kubwa, ila si sifuri, na inapanda pale usafi unapolegea.

Sasa fikirieni nyumba zetu. Maji ya simtanki, yanakatika siku tatu, mnachota kwenye ndoo. Dada wa kazi mpya anaona kikasha cha lenzi kina utelezi, kwa nia njema anakisuuza.

Kibatari, dalili za kwenda hospitali siku hiyohiyo: wekundu usioisha, maumivu, mwanga kuchoma, ukungu ambao haukuwepo jana. Lenzi zinatoka na hazirudi hadi jicho litazamwe. Na usiweke tone la duka la dawa lenye steroidi (dawa ya kupunguza uvimbe) kwa kubahatisha, linaweza kuficha ugonjwa huku konea inaliwa.

MwanaTanga

Mimi ningependa kujua hiyo lenzi haigandi usiku?

Bi Mdogo wa Muscat

Huganda baadhi ya siku, hasa tukilala na kiyoyozi. Usiivute! Unatia matone ya machozi ya bandia, unangoja dakika tano, mtoto anapepesa, unamwambia atazame juu na unabonyeza taratibu ukingo wa kope la chini. Ukiiona inacheza, ndio unaweka kile kimpira cha kufyonzea. Ikiwa haijacheza, matone tena.

Shamba_la_Chai

Salamu kutoka Limuru. Naomba nirudishe mambo nyuma kidogo. Mbona hakuna anayezungumzia jua? Kibatari, wewe uko Guangzhou, na kuna utafiti wa jambo hili uliofanyika mji huohuo. Walichukua shule 12 za msingi, wakaongezea nusu yao kipindi cha dakika 40 za kuwa nje kila siku ya shule. Baada ya miaka mitatu, watoto waliopata mayopia walikuwa asilimia 30.4, ambapo kwenye zile shule nyingine walikuwa 39.5. Ilichapishwa 2015. Taiwan nao wana mpango wa kitaifa wa kuwatoa watoto nje dakika 120 kwa siku.

Nasema hivi kwa sababu naona watoto wetu Nairobi wakifuata njia ileile. Wanatoka kwa nyumba saa kumi na mbili asubuhi kukiwa na giza, wanarudi giza, wikendi ni tuisheni na tableti kwa sofa. Wa kwangu wa miaka sita nimemtafutia gogo la mti huko nje, anafanyia kazi ya shule hapo.

jicho_la_tai

Umesema jambo kubwa mkuu. Niongeze tu kwamba kuwa nje kunasaidia zaidi kuchelewesha mayopia isianze. Kwa mtoto ambaye imeshaanza, kama wa Kibatari, nje ni lazima bado, ila peke yake haitoshi kuipunguza kasi.

Kibatari, nijibu swali lako sasa, na nimelifikiria tangu jana.

Lenzi zenyewe zinamfaa mtoto wako, namba zinaonyesha. Ila lenzi hizi ni nusu ya kazi, nusu nyingine ni mtu anayezikagua. Kabla ya kuamua, piga simu tena na uliza mambo matatu tu. Mna mashine ya kuchora ramani ya konea? Mna ya kupima urefu wa jicho? Na jicho likiwa jekundu Jumapili saa nne usiku, nani anapokea simu? Ukikosa jibu la hilo la tatu, mimi ningekushauri uache, hata kama hayo mawili yapo.

Lakini usiache ukabaki na miwani ya kawaida. Hong Kong walifanya utafiti wa watoto walioachishwa lenzi hizi kwa miezi saba baada ya kuzivaa miaka miwili, macho yao yakarefuka haraka zaidi, na walipozirudia kasi ikapungua tena. Binti yako hajafika hata kumi. Kwa hiyo muulize daktari wako mambo mawili. Moja, ile miwani maalumu uliyotajiwa. Ipo iliyotengenezwa na Hoya pamoja na hiyohiyo Polytechnic: katikati lenzi ni ya kawaida, kuzunguka ina vidoti vidogo mamia. Kwenye utafiti wao wa miaka miwili jicho liliongezeka milimita 0.21 dhidi ya 0.55 kwa miwani ya kawaida. Mbili, atropini hafifu. Hong Kong hukohuko walilinganisha 0.05, 0.025 na 0.01 kwa mia, ya 0.05 ikafanya vizuri zaidi. Ila nisikilize vizuri: atropini mnayoiona kwenye hospitali zetu nyingi ni ya asilimia 1, mara ishirini zaidi. Mtu asijaribu kuichanganya na maji nyumbani.

Kisiki cha Mpingo

Mkuu jicho_la_tai, nimesoma yote. Nina kijana wa darasa la tatu, na mimi mwenyewe ni -6. Sijawahi kumpima. Nianzie wapi?

jicho_la_tai

Mpeleke wiki hii kaka. Waambie wampime kwa matone ya kulegeza jicho, maana mtoto akikaza macho namba inadanganya. Mzazi mmoja tu mwenye mayopia tayari anampandishia mtoto uwezekano. Na wewe kwa -6 yako, retina yako itazamwe na mboni ikiwa imepanuliwa, angalau mara moja kwa mwaka. Umesikia habari za mzee wa Kibatari.

Kisiki cha Mpingo

Nimesikia. Asante.

Kibatari (mrejesho)

Wakuu, nimechelewa kuleta mrejesho, tulikuwa katikati ya kufunga mizigo.

Nilipiga simu kama jicho_la_tai alivyonielekeza. Sehemu moja wana mashine zote mbili na walinijibu kwa heshima, lakini walikiri hawajawahi kumsimamia mtoto wa lenzi za usiku, na baada ya saa kumi na mbili jioni hakuna anayepokea. Nilimshukuru yule dada kwa kunieleza kama ilivyo.

Tumeacha. Nilizungumza na daktari wa hapa, akakubali. Alinionyesha kwamba lazima tusubiri konea irudi ndipo apime namba ya kweli, karibu wiki tatu kwa binti. Na hizo wiki zina shida yake, kwa sababu namba inabadilika kila siku. Bahati nzuri sikutupa miwani ya zamani: siku za mwanzo alivaa ile ya -1.00 ya darasa la kwanza, mikono imembana kichwani, baadaye akahamia ile ya -2.25. Ramani ya konea ilipotulia mara mbili mfululizo, akapimwa: -2.50. Tumetengeneza miwani ya vidoti jozi mbili, moja ya akiba, maana Dar sijui itachukua muda gani ikivunjika. Atropini tumeiacha kwanza, daktari anataka tuone vipimo vya miezi sita.

Usiku wa kwanza bila lenzi, saa tatu kasoro, alikwenda mwenyewe kunawa mikono, akatandika kile kitambaa, akalaza kioo. Nikamkumbusha. Akakaa kidogo akasema, "Mama, kwa hiyo asubuhi sitaona dirishani?" Nikamwambia ataona, miwani itakuwa juu ya stuli. Akaniuliza kama kule Dar atacheza nje. Nikamwambia kila siku, hata kama sijamaliza kazi.

jicho_la_tai, nimechapisha ramani zote za konea na vipimo vyote vya urefu tangu mwanzo, viko kwenye bahasha. Nitakutafuta pembeni tupange tarehe. Nataka apimwe mwezi wa kumi, jicho la kulia tunaanzia 24.45.

jicho_la_tai

Karibuni nyumbani. Bahasha usiiweke kwenye mizigo ya meli, panda nayo ndege.

Bi Mdogo wa Muscat

Safari njema bibie. Huyu wa kwangu tunaendelea, nikiwa na hospitali dakika saba kwa gari. Siku nikihama hapa, nitafanya kama wewe.